Mchezo wa Mawe Usio na Mwamuzi

Katika Angurai, nchi iliyo kaskazini mwa Malaba kuelekea Mlima Elgon, barafu hujulikana kwa jina moja tu, nalo si jina jema: mvua ya mawe. Huja alasiri pamoja na radi, hupiga kwa dakika chache, na ikiondoka huacha majani ya mahindi yamechanika kama vitambaa na wimbi limelala chini. Watoto hukimbilia kuyaokota yale mawe na kuyatia kinywani kabla hayajayeyuka. Wazee hutazama mashamba yao wakanyamaza. Basi mtu akiwaambia wazee hao kwamba zipo nchi ambako watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, huingoja barafu mwaka mzima kwa hamu, nayo ikifika hushika mafagio wakatoka kwenda kuifagia, hapana shaka watamwuliza kama watu hao hawana mashamba.

Wanayo. Wengi wa watu walioukuza mchezo huo zamani walikuwa wakulima wa Uskoti, ambao wakati wa baridi kali jembe lao halikuweza kuingia ardhini, wala kinu cha maji hakikuweza kuzunguka. Mchezo wenyewe huitwa kalingi. Ni wa kale sana. Katika mji wa Stirling limehifadhiwa jiwe la mchezo huo lililochorwa mwaka wa 1511. Jiwe la kalingi huchongwa kwa matale, hufanywa la mviringo kama chungu kilichobanwa juu na chini, hutiwa mkono wa kushikia, na uzito wake haupiti kilo 20. Mawe yasifiwayo kuliko yote hutoka katika kisiwa kidogo cha baharini kiitwacho Ailsa Craig, ambacho hakina mkulima wala mfugaji, ni mwamba na ndege tu.

Wachezaji wa kila upande ni 4, na kila mmoja husukuma mawe 2, hata yakatimia mawe 16 katika mzunguko mmoja. Mchezaji huliachia jiwe taratibu huku amelizungusha kidogo, nalo huteleza juu ya barafu likipinda polepole kuelekea duara iliyochorwa upande wa pili. Wenzake wawili hukimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa mafagio, kwa sababu barafu ikisuguliwa hupata joto kidogo, na jiwe huenda mbali zaidi na kupinda kwake hupungua. Nahodha husimama mwisho wa uwanja akipiga kelele: fagieni, acheni, fagieni! Mtu aliyeona mara ya kwanza hudhani kuna nyumba inayoungua. Na kweli neno nyumba limo humo, maana ile duara ya kulengwa Waskoti huiita nyumba. Mswahili aliyezoea bao atatabasamu akisikia hivyo, kwa kuwa yeye naye anayo nyumba yake katika bao, na vita vyake vingi hupiganwa kwa ajili yake.

Jambo kubwa katika mchezo huu halimo katika jiwe wala katika ufagio. Mzunguko ukiisha, upande wenye jiwe lililo karibu zaidi na katikati ya nyumba ndio peke yake upatao alama, nao hupata alama moja kwa kila jiwe lililo karibu kuliko jiwe bora la wenzao. Mara nyingi mawe mawili hupishana kwa upana wa kidole. Je, ni nani aamuaye? Katika vyama vya vijijini hapana mwamuzi. Manaibu wawili wa manahodha husimama juu ya mawe, hutazama, hupatana. Wasipopatana hutoa kipimo, wakapima pamoja. Tena mchezaji akiligusa jiwe linalokwenda, kwa ufagio au kwa mguu, ni juu yake mwenyewe kusema papo hapo kwamba ameligusa, hata ikiwa hakuna mwingine aliyeona, na hata ikiwa jiwe hilo lilikuwa linakwenda kuwapa ushindi. Upande uonao kwamba hauwezi tena kushinda huvua glavu na kutoa mkono kabla mchezo haujaisha, wala hauhesabiwi kuwa umekimbia. Waswahili wasemapo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, hawakuwa wanawafikiria Waskoti, lakini neno limewafika.

Vyama vya kalingi viliungana mwaka wa 1838 katika mji wa Edinburgh wakafanya chama kikuu kimoja. Mwaka wa 1842 Malkia Victoria alipozuru jumba la Scone akataka kujua mchezo huu ni wa namna gani, na kwa kuwa haukuwa wakati wa barafu, walimwonyesha juu ya sakafu ya ukumbi wa dansi iliyong'arishwa. Mwaka uliofuata chama kikaruhusiwa kuitwa cha Kifalme. Hata hivyo sifa ya mchezo haikutoka kwa Malkia. Ilitokana na desturi ya chama cha kijiji kimoja kukiandikia chama cha kijiji cha pili barua ya kukialika, kisha kualikwa nacho, hata msimu ukaisha watu wamekwisha kula katika nyumba za majirani zao wote. Mchezo ukiisha hukaa pamoja wakanywa, na desturi njema ni kwamba walioshinda ndio wanunuao kwanza.

Msomaji atauliza: hayo yote yamhusu nini mtu wa Angurai, ambaye hatakanyaga barafu maisha yake yote? Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka wa 2005, katika hoteli ya Panari, na vijana wakajifunza kuteleza na kupiga magongo. Lakini kutoka Angurai hadi Nairobi ni safari ya kutwa, wala hakuna sababu ya kuifunga kwa ajili ya barafu. Yamhusu kwa kuwa yeye naye anao mchezo wa mawe, tena wenye akili nyingi kuliko ule, na anaye jirani ng'ambo ya mto. Asichokuwa nacho bado ni msimu.

Michezo ya mbegu na vishimo ina ramani yake, na yafaa ramani hiyo itazamwe. Pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja na kwendelea, bao ni la safu 4, kila safu mashimo 8, na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, hunamua kwanza, kisha huingia katika mtaji. Uganda nako safu ni 4 na kete ni 64. Waganda huuita mchezo wao omweso, nao hauna nyumba kama bao la Waswahili. Walango nao wana wa kwao uitwao coro. Lakini katikati ya pwani na Uganda imekaa Kenya ya bara, na humo mambo ni mengine: ajua ya Waluo ni ya safu 2, giuthi ya Wakikuyu ni ya safu 2, enkeshui ya Wamaasai ni ya safu 2. Kwa hiyo mtu akitoka Kisumu kwenda Kampala kwa njia ya Busia, mahali fulani njiani safu mbili huwa nne, na mahali hapo si mbali na mpaka wenyewe.

Tofauti hiyo si ya hesabu tu. Katika mchezo wa safu 2 kete iliyoliwa hutoka, ikawekwa kando katika ghala ya aliyeila, na mwisho wa mchezo ghala huhesabiwa: mwenye nyingi ameshinda. Katika mchezo wa safu 4 kete hailiwi ikatoka. Hutekwa, ikapandwa tena upande wa yule aliyeiteka, ikampigania yeye. Na kesho yaweza kutekwa ikarudi kwao. Hivyo mchezo hubaki na kete 64 tangu mwanzo hadi mwisho, na anayeshindwa ni yule aliyeachwa hana la kusogeza. Mtu aliyekulia katika mchezo wa kwanza huweka akiba. Aliyekulia katika wa pili hajui akiba ni nini, bali hujua kwamba hakuna kilichopotea kabisa. Wakikutanishwa watu hawa wawili kwenye ubao mmoja, yule mgeni wa ubao atashindwa mara kumi mfululizo, hata awe hodari kiasi gani kwao.

Na watu wenyewe ni ndugu. Mwaka wa 1902 Serikali ya Kiingereza iliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda ikautia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya; na mwaka wa 1926 mpaka ukaandikwa katika amri ya Mfalme, ukifuata katika sehemu hizi mito kama Lwakhakha, Malaba na Sio. Wateso wakajikuta wako pande mbili. Walioko Angurai, Amukura na Chakol ni wa Kenya, na walioko Tororo ni wa Uganda, lakini ng'ombe wa mahari hawakuacha kuvuka, wala matanga hayakuacha kuvuka. Mto Malaba haukupata kuwa mpana kiasi cha kumzuia mjomba.

Wachezaji wa Angurai wakitaka kuwa na msimu wao, basi, wana majira tayari. Mvua kubwa huanza Machi, na tangu hapo mpaka mavuno ya katikati ya mwaka hakuna mtu mwenye nafasi. Desemba hadi Februari jua ni kali, jembe limepumzika, na kivuli cha mwembe ndicho mahali bora katika nchi. Waskoti hucheza kwa kuwa ardhi imeganda. Hapa watu wangecheza kwa kuwa ardhi imekauka. Sababu ni moja.

Neno gumu ni ubao upi utumike. Mcheza kwao hutunzwa, nayo si haki kuwaalika watu wa ng'ambo waje kushindwa kwa mchezo wasioulelewa. Dawa yake ni ile ile ya kualikana: mchezo wa kwanza huku, kwa desturi ya wenyeji, na wa pili kule, kwa desturi ya kule. Kila upande utashinda kwake, jambo ambalo litawachosha wapenda vikombe. Lakini baada ya misimu miwili mitatu atatokea kijana mmoja aliyeshinda kwa ubao wa wenyewe, na siku hiyo watu watakuwa na la kuzungumza mpaka mvua.

Vikombe navyo vina lake. Siku hizi kila shindano hutafutiwa kwanza zawadi, ndipo hutafutiwa wachezaji. Hutajwa mbuzi, hutajwa fahali, hutajwa fedha, na mara mtu anayetaka kura huonekana amesimama kando ya uwanja. Kwa kandanda huenda hayo yakafaa, kwa sababu kandanda ina refa na filimbi yake. Lakini bao halina filimbi. Mchezaji huchota kete kwa mkono wake mwenyewe, huzipanda moja moja kwa kasi ambayo jicho la mgeni haliwezi kuifuata, huku mdomo ukipiga domo. Na aliye mwepesi wa vidole aweza kudondosha mbili mahali pa moja, au kuirudisha ya mwisho kiganjani. Kinachomzuia ni watazamaji, ambao katika bao huwa ndio wajuzi wakubwa na hawanyamazi, na zaidi ya hao kinachomzuia ni kwamba kesho atacheza na mtu yule yule. Weka fahali juu ya ubao, na vizuizi vyote viwili vitalegea: watazamaji watakuwa wamekwisha kugawana pande, na kesho itakuwa haina thamani kama leo. Hapo ndipo chama kitakapolazimika kutafuta mwamuzi, na mwamuzi naye atatafutiwa wa kumchunga.

Hata kalingi imelipata jambo hilo. Tangu mwaka wa 1998 imekuwa mchezo wa kudumu wa Olimpiki ya majira ya baridi, na huko waamuzi wapo, na mawe hutiwa vyombo vya umeme vya kuonyesha kama mkono umeachia kabla ya mstari. Hakuna wa kuwalaumu. Medali ni medali. Lakini kule vijijini walikoutoa mchezo bado naibu humwambia naibu mwenzake, hilo ni lenu, na mambo huishia hapo. Yafaa chama cha Angurai kianzie hapo, na kikombe kije baadaye, kama kitakuja. Vijana wanaobahatisha kwa simu juu ya timu za Ulaya ambazo hawatapata kuziona watacheka mchezo usio na fedha. Waachwe wacheke, wengine wao watasogea karibu na ubao, kwani kubahatisha hakumfundishi mtu kitu, na bao humwonyesha kijana kila siku mahali alipokosea.

Ama kuhusu kukaa pamoja baada ya mchezo, Wateso hawana la kujifunza kwa Mskoti. Pombe yao ya wimbi, ajon, hutiwa katika chungu kimoja na kumwagiwa maji ya moto, nao huketi kukizunguka, mirija mirefu ikikutana katikati. Ivan Karp, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa na Wateso wa Kenya na kuandika kitabu juu yao kilichotolewa mwaka wa 1978, aliona kwamba mtu akitaka kuijua jamii hiyo aanze kwa kutazama wanavyoketi chunguni. Kuna adabu zake: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, na wakwe wana mahali pao. Mtu mwenye kinyongo na mwenzake hakai naye chungu kimoja. Kwa hiyo mchezaji aliyeiba kete mchana atakuwa na kazi ngumu jioni, atakapopewa mrija, na macho ya watu 10 yakiwa juu yake. Wasiokunywa pombe, nao ni wengi, wana chai. Adabu haibadiliki kwa kubadilika kinywaji.

Msimu wa namna hii una adui mmoja ambaye hashindwi kwa adabu. Uskoti kuna shindano moja kubwa kupita yote, ambalo kaskazini ya nchi hupambana na kusini juu ya ziwa lililoganda, mamia ya timu kwa siku moja. Lilifanyika kwanza mwaka wa 1847 huko Penicuik, na kwa miaka mingi, kuanzia 1853 hadi 1935, lilifanyika katika bwawa la Carsebreck ambalo chama kilijitengenezea chenyewe. Sharti lake ni barafu nene ya kutosha kuwabeba watu wote hao na mawe yao, yaani unene wa sentimita 18 hivi. Dunia imepata joto, na mara ya mwisho kufanyika ilikuwa mwaka wa 1979 katika ziwa la Menteith. Mwaka wa 2010 baridi ilikuja vizuri, watu wakatayarisha mafagio, kisha likazuiwa kwa kuogopa hatari. Hivyo kaskazini bado ina deni na kusini, au kusini na kaskazini, kwa zaidi ya miaka 40.

Malaba na Busia hazihitaji barafu, lakini njia hufungika. Desemba 1987 askari wa nchi mbili walipigana kwa risasi Busia, na mpaka ukafungwa. Machi 2020, kwa sababu ya korona, wasafiri wa kawaida walikatazwa kuvuka, na madereva wa malori wakawa wanapimwa mmoja mmoja hata foleni ikapita Malaba na kwenda kilomita nyingi ndani ya Kenya. Foleni za malori, ziwe za korona au za kawaida, zina mchezo wake, nao ni drafti: ubao wa kadibodi, vizibo vya chupa, vya upande huu vimelala na vya upande ule vimefunuliwa. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mkongo hupatana sheria kwa dakika mbili, kisha lori la mbele likisogea mchezo huvunjwa kabla haujaisha, na waliokuwa wakicheza huenda wasionane tena.

Kufungwa kwa njia kuna ubaya huo kwa chama pia. Walioshinda kwao hawawezi kwenda kushindwa ugenini, na deni hubaki. Tangu Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, msafiri hukaguliwa hati zake mahali pamoja badala ya pawili, na Malaba nako utaratibu ni huo huo. Njia ikiwa wazi, timu ya watu 8 au 10 yaweza kuvuka asubuhi ikarudi jioni. Hawahitaji hata kubeba ubao. Ubao wa safu 4 ni mti mzito, lakini vishimo vyaweza kuchimbwa ardhini kwa kidole kikavu popote penye kivuli, viwe 16 au 32. Cha kubebwa ni kete katika mfuko wa kitambaa. Na kabla wageni hawajaaga, yule naibu wa huku na yule wa kule huchuchumaa pamoja, wakazihesabu mpaka zitimie 64.